UZI MAALUMU: Kukusanya chapa za mwanzo za riwaya za tashtiti za Kimarekani, kwa sisi tusio na pesa

#1 Mzee wa Kurasa

Wakuu, habari za wikiendi.

Kuna ndugu aliniuliza kwenye ule uzi wa vitabu vya mitumba: kwa nini nilitoa dola 40 kwa riwaya ya Babbitt kuukuu isiyo hata na jaketi, wakati ningeweza kuisoma bure kwenye simu? Nilimwahidi jibu. Jibu limeota miguu, nikaona nilifungulie uzi wake.

Kwanza mjue anayeandika ni nani. Nipo Hartford, Connecticut, mwaka wa kumi na moja huu. Kazi yangu ni kulea wazee, zamu ya usiku. Kwa hiyo mtakaposikia humu habari za nakala za maelfu ya dola, jueni nasimulia kama yule anayesimulia magari ya watu. Lakini mji huu una uchawi wake. Mwandishi Mark Twain alijenga nyumba hapa akahamia mwaka 1874, na leo ni makumbusho. Kampuni iliyomchapia vitabu vyake vya kwanza vikubwa, American Publishing Company, ilikuwa hapa hapa. Mwaka wa kwanza nilipita mbele ya nyumba ile kila siku kwenye basi bila kujua ni ya nani.

Kwa walioiacha fasihi kidato cha nne: tashtiti ni ile mbinu ya kuwasema watu kwa kuwachekesha. Unacheka kurasa kumi, ya kumi na moja unajikuta umo.

Sasa somo lenyewe. Toleo na chapa si kitu kimoja. Toleo ni maandishi yakishapangwa. Chapa ni kila mara mitambo inapowashwa kuyatoa. Toleo moja linaweza kuwa na chapa ishirini. Vitabu vyetu vya shule vilikuwa vinasema wazi, toleo la kwanza mwaka fulani, chapa ya pili, chapa ya tatu. Wachapishaji wa Kimarekani wa zamani kila mmoja alikuwa na fumbo lake. Scribner's walikuwa wanaweka herufi A kwenye ukurasa wa haki miliki, ndivyo ilivyo Player Piano ya Kurt Vonnegut ya 1952. Simon & Schuster kwenye Catch-22 ya 1961 waliandika waziwazi kuwa ni chapa ya kwanza. Random House kwa miaka mingi waliandika "First Edition" halafu safu ya namba ikaanzia 2! Mtu asiyejua anaitupa akidhani ni chapa ya pili.

Na pale ambapo fumbo halitoshi, unakwenda kwenye makosa. Hapa ndipo mimi nilipolewa.

Babbitt ya Sinclair Lewis ilitoka 1922, Harcourt, Brace. Fungua ukurasa wa 49. Kwenye nakala za mwanzo mstari wa 4 una jina Purdy, ilhali aliyekusudiwa ni Lyte. Purdy ni mwenye duka la vyakula, Lyte ni mlanguzi wa viwanja, na Babbitt ndiye dalali anayewakutanisha. Yaani aliyepigwa na aliyepiga wamebadilishana viti! Mstari unaofuata, pa "any fellow" pameandikwa "my fellow". Baadaye wakarekebisha. Kwa hiyo kosa ndilo cheti cha kuzaliwa cha kitabu. Kikiwa safi, kimezaliwa baadaye.

Hiyo ndiyo dola 40 yangu. Nilisimama kwenye duka la mitumba ya vitabu, nikafungua ukurasa wa 49 kwa kidole kinachotetemeka, nikamkuta Purdy amekaa pasipo pake.

#2 fundi_bati

Uzi bila picha ni batili.

#3 Binti Ngamiani

Nimekaa paleee na kikombe cha chai ya tangawizi. Tiririka mzee.

#4 Kisiki Kikavu

Samahani mkuu, ila hii si biashara ya wazungu wastaafu? Mwafrika anabeba zamu za usiku halafu ananunua makosa ya chapa. PDF ipo.

#5 Mzee wa Kurasa

@Kisiki Kikavu sina ugomvi na PDF, Babbitt mwenyewe nilimsoma kwenye simu kwanza, kwenye basi la saa kumi na moja alfajiri. Lakini niulize ulipokuwa kijana ulikuwa unakusanya nini. Kanda? Jezi? Ukiniambia jezi ya kuiga na ya uwanjani ni sawa kwa sababu zote zinavalika, nitafunga uzi.

Ngoja niwape kisa cha Oktoba iliyopita mwone kwamba pesa si lazima.

Maktaba za miji midogo huku zina wikiendi za kuuza vitabu vilivyochangwa na watu. Siku ya mwisho, mchana, wanachoka: unapewa mfuko wa karatasi, ujaze, ulipe dola 5. Nilikuwa nimetoka zamu, macho mazito. Chini ya meza kulikuwa na boksi la ndizi limejaa vitabu vya dini. Katikati yao kitabu cha kitambaa cha buluu, herufi za rangi ya chungwa zimefifia. Nikasoma mgongo: ELMER CANTRY.

Nikausugua kwa kidole gumba, nikidhani vumbi limeziba ule mstari mdogo wa ndani ya G. Nikalamba kidole nikasugua tena (msifanye hivyo, mate ni adui wa kitambaa). Ikabaki C. Nikawasha tochi ya simu. C.

Elmer Gantry, 1927, Sinclair Lewis yuleyule. Ni habari za mhubiri mwenye sauti ya dhahabu na tabia za Mungu anisamehe. Boston waliipiga marufuku. Kwenye jalada la mwanzo herufi G ya mgongoni ilitoka kama C, na ndiyo alama ambayo kila mkusanyaji anaitafuta. Na aliyeichanga, kwa kuona mhubiri ndani yake, kaiweka na vitabu vya ibada!

Msianze kunipigia hesabu. Ilichapwa kwa wingi sana, kwa hiyo bila jaketi haina bei ya kutisha. Yenye jaketi zuri ndiyo habari nyingine. Lakini ilikuwa sehemu ya mfuko wa dola 5, pamoja na kitabu cha kupika na kamusi ya Kihispania.

@fundi_bati picha nimeweka. Huo mgongo.

#6 fundi_bati

Nimekuza picha. Kweli ni C 😂 Mhubiri kaibiwa G yake.

#7 Mama Zawadi

Mzee shikamoo. Umetaja jaketi mara tatu hujaeleza. Ni lile karatasi la nje linalovuliwa?

#8 Mzee wa Kurasa

Marahaba. Ndilo hilo hilo. Karatasi inayovishwa juu ya jalada gumu, ina picha mbele, na pembe zake mbili zinakunjwa kuingia ndani. Zamani watu walilitupa kama sisi tunavyotupa mfuko wa mkate, hasa kabla ya miaka ya thelathini. Ndiyo maana leo jaketi la Babbitt la 1922 linaweza kugharimu mara nyingi kuliko kitabu chenyewe. Unanunua karatasi, kitabu unapewa kama nyongeza.

Na kwenye jaketi ndiko wizi ulikojaa. Niwape kilichonipata.

Miaka minne iliyopita niliona Catch-22 ya Joseph Heller mtandaoni, dola 400, "chapa ya kwanza na jaketi lake". Kwangu dola 400 ni nusu ya kodi ya nyumba. Nilikula kiapo mwenyewe, nikanunua. Muuzaji simtaji, na hayupo tena. Kitabu kilikuwa kweli, kitambaa cha buluu, ukurasa wa haki miliki uko sawa. Jaketi limeng'aa, bei ya dola 5.95 ipo juu kwenye pembe ya mbele. Nilifurahi siku mbili.

Siku ya tatu nikagundua pembe ya chini ya mkunjo imekatwa kwa mkasi, pembetatu ndogo kama ukucha. Kwa kawaida kinachokatwa ni kona ya juu, yenye bei, watu wakitoa zawadi. Ya chini ya nini? Nikachukua kioo cha kukuzia cha mzee mmoja ninayemlea, nikaangalia picha ya Heller nyuma. Vitone vya printa. Watengenezaji waaminifu wa majaketi ya kuiga huandika pale chini kwamba hii ni nakala ya kuiga. Mtu alikata hayo maneno tu, akaacha bei.

Mke wangu aliniuliza kwa nini nimeshika kioo saa saba usiku. Hadi leo hajui bei.

#9 Pwani Moto

Hadi leo hajui, na umeandika hapa 🤣

#10 Mzee wa Kurasa

Huku haingii. Naomba Mungu.

#11 Mkaguzi wa Nyaraka

Uzi mzuri, lakini ruhusa kurekebisha mawili matatu.

Moja. Kwenye Catch-22 umesahau aina nyingine ya udanganyifu: jaketi halisi lakini la chapa ya baadaye, limevishwa kitabu cha chapa ya kwanza. Geuza nyuma. La mwanzo lina picha ya mwandishi bila sifa za wahakiki. Ukiona magazeti yanakimwagia sifa, jua limechapwa baada ya wahakiki kukisoma. Sisi tunaita ndoa ya mkeka.

Mbili. Vitabu vya klabu. Marekani kulikuwa na klabu za vitabu zinazotuma nakala za bei nafuu kwa posta, na nyingine zilichapwa na maneno yaleyale ya chapa ya kwanza ndani. Geuza jalada la nyuma, pembe ya chini karibu na mgongo, pitisha kidole kama kipofu: ukihisi kashimo kadogo, kaduara au kamraba, ni ya klabu. Jaketi lisilo na bei nalo litilie shaka. Aliyekata kona ya bei huenda anaficha kwamba bei haikuwepo.

Tatu, na hapa tutagombana. Hiyo hadithi ya "kosa ni cheti cha kuzaliwa" ni tamu lakini si ya kuishikilia. Chukua Adventures of Huckleberry Finn ya Mark Twain.

#12 Mzee wa Kurasa

Nilijua tutafika kwa Huck. Endelea mkuu, nimeshika daftari.

#13 Mkaguzi wa Nyaraka

Toleo la Marekani, Charles L. Webster and Company, New York, Februari 1885. Kila mnada utakuambia alama zilezile: ukurasa wa 57 "with the was" badala ya "with the saw", kwenye orodha ya picha, "Him and another Man" imeandikwa iko ukurasa wa 88 wakati iko wa 87, kwenye yaliyomo ukurasa wa 9, "Decided" pa "Decides", na ukurasa wa 155, ile 5 ya mwisho ya namba ya ukurasa mara haipo, mara ipo ya umbo tofauti.

Watu wanahesabu makosa wanasema nakala yenye yote ndiyo ya kwanza kabisa. Lakini nakala 30,000 za mwanzo hazikutoka kwenye mashine moja kama chapati kwenye kikaango. Karatasi zilichapwa kwa mafungu, zikapelekwa kwa wajalidi, wakachukua lundo lolote lililo karibu. Unaweza kukuta kitabu kimoja chenye fungu la mapema hapa na fungu lililorekebishwa pale. Kosa linakuambia umri wa ile karatasi. Halikuambii umri wa kitabu.

#14 Mzee wa Kurasa

Nimekubali nusu. Kwa Huck umenishinda. Kwa Babbitt na Cantry nabaki na cheti changu.

Ila kwa kuwa umefungua mlango wa Huck, acha niwape kile kisa cha ukurasa wa 283, maana hakuna kitabu kingine chenye kashfa kama hii.

Kwanza namna kilivyouzwa. Hakikuuzwa dukani. Kiliuzwa na machinga, neno sahihi kabisa ndilo hilo. Wakala anapita nyumba kwa nyumba na kitabu cha mfano: kurasa chache, picha, vipande vya aina za majalada, na nyuma karatasi zenye mistari ya kuandika majina ya walioagiza. Unachagua kitambaa cha kijani kwa dola 2.75, au unaomba cha buluu kifanane na Tom Sawyer uliyonayo rafuni, au unapanda kwenye ngozi. Watu wakishajiandikisha vya kutosha ndipo mashine zinaunguruma. Twain alikuwa na faida pande zote kwa sababu kampuni ya Webster ilikuwa yake mwenyewe. Webster alikuwa mume wa mpwa wake.

Picha zilichorwa na E. W. Kemble. Kwenye ukurasa wa 283 kuna mjomba Silas amesimama, mkewe anamuuliza unadhani huyu ni nani. Mtu fulani kwenye karakana, hadi leo hajulikani, alichukua chombo cha kuchongea akaongeza kitu kwenye suruali ya mzee Silas. Mnanielewa. Swali la mama likawa na maana nyingine kabisa.

Ilikuja kugundulika Novemba 1884, vitabu vya mfano vimeshakwenda kwa mawakala. Hofu! Webster akatangaza zawadi ya dola 500 kwa atakayemtaja mhalifu. Hakutajwa. Ukurasa ukarudishwa, ukakatwa, ukabandikwa mwingine, na kitabu kilichokusudiwa Krismasi kikatoka Februari. Ukishika nakala ya mapema ya kitambaa, fungua 283 taratibu na angalia kwenye mshono: utaona kisiki cha jani lililokatwa, na jani jipya limegundishwa juu yake. Nimekiona kisiki hicho mara moja, nyuma ya kioo cha muuzaji aliyenifungulia kwa huruma. Ni kama upana wa njiti ya kiberiti.

Mwezi mmoja baada ya kitabu kutoka, maktaba ya Concord, Massachusetts ikakitupa nje ikisema ni takataka. Twain akamwandikia Webster kwamba hiyo itawauzia nakala 25,000 bila shaka.

#15 Pwani Moto

Ngoja ngoja. Nimepekua kidogo. Si Huck ilitoka London kwanza, Chatto & Windus, Desemba 1884? Basi hayo ya Februari 1885 mnayopigania ni toleo la pili. Mmepigwa wote wawili.

#16 Mkaguzi wa Nyaraka

Ni kweli London ilitangulia, na Kanada nayo ilipata lake 1884. Sababu ni sheria: ili mwandishi wa Marekani alindwe na haki miliki ya Uingereza, ilibidi kitabu kitoke kwenye himaya yao kwanza. Twain alikuwa ameshaibiwa na wachapaji wa Kanada akajifunza. Lakini wakusanyaji wengi hufuata nchi ya mwandishi. La London lina jalada jekundu na kwa kawaida ni rahisi zaidi. Mwenye bajeti ndogo aanzie hapo, wala asione aibu.

#17 Kisiki Kikavu

Nimesoma yote, nakiri uzi mtamu. Lakini kitu kimoja kinanikera. Kitabu hicho kina lile tusi la watu weusi zaidi ya mara 200. Wewe Mwafrika unakiweka sebuleni kwa fahari?

#18 Mzee wa Kurasa

Swali halali. Sikiweki sebuleni, kwanza sinacho. Ningekuwa nacho ningekiweka. Yule mtoto, Huck, amefundishwa na kanisa na shule na mji mzima kwamba kumsaidia mtumwa kutoroka ni dhambi ya moto. Anaandika barua ya kumsaliti Jim, mtumwa anayetoroka naye, anaishika, anatetemeka, halafu anaamua heri aende jehanamu, anaichana. Twain hakumcheka Jim pale. Aliucheka mji.

Ila usikusanye kile kinachokuchoma. Kama unataka tashtiti iliyoandikwa na mtu mweusi, tafuta Black No More ya George S. Schuyler, Macaulay, New York, 1931. Daktari mweusi anavumbua mashine ya kuwageuza watu weusi kuwa weupe kwa siku tatu. Foleni Harlem nzima, mtaa wa weusi New York! Wanaouza dawa za kunyoosha nywele wanafilisika, viongozi wa haki za weusi wanakosa watu wa kuwatetea, na wabaguzi nao wanakosa wa kumbagua. Schuyler hakubakiza mtu. Nakala yenye jaketi ni adimu kweli, mimi ninayo ya kuchapwa upya miaka mingi baadaye na naipenda hivyohivyo. Ukimaliza hiyo, Mumbo Jumbo ya Ishmael Reed, Doubleday, 1972.

#19 Mwana wa Kadutu

Jambo sana wandugu. Mimi ni mutu wa Bukavu, siku hizi niko Kentucky. Niko na swali. Huyu Twain, si ndiye aliandika ile ya mufalme Leopold na Congo? Baba alikuwa anatuelezeaka ile, lakini sikuiona na macho. Ile nayo inaingia kwa hii mukusanyiko?

#20 Mzee wa Kurasa

Karibu sana ndugu. Ndiye. King Leopold's Soliloquy, 1905, P. R. Warren, Boston. Si riwaya, ni kijitabu, lakini kwa tashtiti sijui kama aliandika kali kuliko hii. Mfalme anajisemea peke yake, analalamika, anabusu msalaba wake, anasoma ripoti za wamisionari na kuzitukana. Majarida hayakuitaka. Ikauzwa senti 25, na Twain hakuchukua chake. Pesa ilikwenda kwenye harakati za kuwatetea watu wa Congo.

Ndani kuna picha za waliokatwa mikono. Na kuna pale mfalme anapoilaani kamera, kwamba ndiyo shahidi pekee katika maisha yake ambaye yeye mfalme alishindwa kumhonga. Nilipofika hapo nilifunga kitabu, nikasimama dirishani kidogo.

Kwa mkusanyaji, tatizo ni majalada yake ya karatasi: yanamomonyoka kingoni kama biskuti. Ukikuta, usikifungue zaidi ya nusu, na usibandike selotepu hata kwa kulazimishwa. Selotepu inageuka njano, inanyonya wino, haitoki.

#21 Mwana wa Kadutu

Aksanti. Nitaitafuta. Ile ni ya kwetu kuliko ya kwao.

#22 Pwani Moto

Sasa swali la sisi wa Mombasa. Vitabu vyangu vinaota madoa ya kahawia kama uso wa mzee. Hewa ya bahari hii. Ninyi mna viyoyozi.

#23 Mkaguzi wa Nyaraka

Huko adui si joto peke yake, ni unyevu na kubadilikabadilika. Kabati lisigusane na ukuta wa nje, acha upana wa mkono nyuma yake. Usifunge vitabu kwenye nailoni kabisa, vinatoa jasho. Vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu usivitupe, ila vikichoka ubadilishe. Toa vitabu kila mwezi uvipepee. Madoa yakishaingia usisugue. Na mende wanapenda gundi ya mgongo kuliko wali.

#24 Mama Zawadi

Mzee wa Kurasa, kwa mtu wa kuanza kabisa, mwenye tuseme dola 50, nianzie wapi? Usinipeleke kwa Huck.

#25 Mzee wa Kurasa

Jalada laini. Watu wanadharau. Vonnegut vitabu vyake viwili havikuanza na jalada gumu kabisa: The Sirens of Titan ilitoka Dell mwaka 1959 kwa senti 35, na Mother Night ilitoka kwenye mfululizo wa Gold Medal wa Fawcett, nayo senti 35. Hizo za jalada laini ndizo za kwanza, hakuna nyingine ya kutangulia. Bado zinajificha kwenye maboksi ya riwaya za mashetani na roketi kwa sababu jalada lake linafanana nazo. Dola 50 huenda isitoshe kwa nakala safi, kwa iliyokunjika mgongo inaweza kutosha.

Kisichowezekana kwa dola 50, ila nakiota: A Confederacy of Dunces ya John Kennedy Toole. Alikufa 1969 kwa mkono wake, wachapishaji wamemkataa. Mama yake akazunguka na mswada miaka mingi hadi akamng'ang'ania Walker Percy, mwandishi aliyekuwa anafundisha New Orleans, ausome. Percy alisoma akitarajia ubaya wa kutosha kumpa sababu ya kuacha. Hakuupata. Louisiana State University Press wakachapa nakala 2,500 tu mwaka 1980, na mwaka uliofuata kikachukua tuzo ya Pulitzer. Fikirieni nakala 2,500, na baadhi zilikwenda maktaba, zikapigwa mihuri na kuvuliwa majaketi.

Kila boksi la ndizi nalifungua nikiiwazia hiyo.

#26 Binti Ngamiani

Jamani. Nimeacha chai nikakimbilia kabati la marehemu babu, alikuwa mwalimu, alipenda vitabu vya Kiingereza. Kuna Catch-22! Jalada gumu, kitambaa cha buluu. Jaketi hakuna. Mikono inatetemeka. Nafanyaje?

#27 Mzee wa Kurasa

Usipige picha ya jalada. Piga ya ukurasa wa haki miliki, nyuma ya ukurasa wa jina. Taratibu. Halafu pitisha kidole pembe ya chini ya jalada la nyuma, kama Mkaguzi alivyosema.

#28 fundi_bati

Hapa silali.

#29 Mkaguzi wa Nyaraka

Angalia pia jina la mchapishaji chini ya mgongo. Toleo la Uingereza ni la Jonathan Cape, huko Tanga lina uwezekano mkubwa zaidi.

#30 Binti Ngamiani

Mgongo umekwanguliwa, hakuna jina linalosomeka. Nyuma hakuna kashimo, nimepapasa mara tatu.

Ukurasa wa haki miliki nimeutafuta. Umechanwa. Kimebaki kisiki kama kile cha Huck, upana wa njiti ya kiberiti, na ukurasa unaofuata una hesabu za babu kwa penseli. Sukari kilo 2, mafuta ya taa, nauli ya Muheza.

Hizo hesabu nimezipiga picha.

#31 fundi_bati

Weka.